Karibu ya katikati ya uwanja

Saa tano usiku, Moshi. Wenzangu watano wamelala, goti langu linanuka dawa, na usingizi umekataa kuja.

Tulitoka Voi, Kenya, alfajiri, timu yetu ya mpira wa pete ya chuo. Si safari ya kumtambia mtu, kama kilomita 150 hivi: unapita Mwatate, unapita Maktau, unafika Taveta, unavuka mpaka wa Tanzania pale Holili, na kabla hujamaliza karanga zako uko Moshi mjini. Lakini kati yetu 12 ni mmoja tu aliyekuwa amewahi kugongewa muhuri wa nchi nyingine. Mwingine alisahau kadi yake ya homa ya manjano nyumbani, tukakaa mpakani zaidi ya saa moja kwa ajili yake. Hilo nitalipita, keshasemwa vya kutosha ndani ya basi.

Kilichonishangaza njiani ni mlima Kilimanjaro na vilele vyake, Mawenzi na Kibo. Ukiwa Taveta, Mawenzi ndiyo iliyokaa mbele, imechongoka kama jino bovu, na Kibo inachungulia nyuma yake. Hapa Moshi zimeachana, Kibo kushoto na theluji yake, Mawenzi kulia. Nilibaki nimegeuza shingo dirishani mpaka mawingu yakaufunika wote.

Wiki nzima kocha alikuwa akituandaa kwa zomeazomea. Aliwapanga wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuzunguka uwanja wetu wa changarawe watuzomee mpaka tuzoee, nao waliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. "Ugenini hakuna rafiki," alisema kila jioni. Basi tukashuka tumekunja nyuso. Mlinzi wa getini: karibuni. Mama wa kantini: karibuni sana. Kitoto cha miaka kama sita kikaniamkia shikamoo, nikageuka nyuma kuona anaamkiwa nani. Nina miaka 21 jamani!

Sasa kisa chenyewe. Mimi ni senta. Kwenye mpira wa pete, senta anayeanzisha husimama ndani ya duara la katikati, na filimbi ikilia ana sekunde 3 tu za kuuachia mpira. Akizidisha, unakwenda kwa wapinzani. Hilo nalijua tangu shule ya msingi. Mpira wa kwanza ulikuwa wetu. Nimesimama, mpira kifuani, viatu vinashika vizuri kwenye saruji, mshambuliaji wangu wa pembeni ananipa ishara ya jicho. Senta wao yuko hatua moja kutoka kwangu, msichana mwembamba, bandeji nyeupe kwenye kifundo cha mkono. Filimbi inalia. Naye, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mgeni mlango, ananiambia: "Karibu, dada."

Nikajibu, "Asante."

Wala si asante tu, niliinamisha na kichwa. Nikasikia filimbi ya pili, mwamuzi ameshanyoosha mkono upande wao. Kitendo changu cha kwanza nje ya nchi yangu kikawa kushika mpira kama mtu anayepiga picha ya pasipoti. Pembeni kocha alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Robo ya kwanza na ya pili tulicheza hivyo hivyo, kama watu waliokaribishwa sebuleni wakaogopa kugusa vikombe. Mfungaji wetu akikosa, mama mmoja mwenye beseni la ndizi anamwambia, "Pole mwanangu, utapata tu." Tukipoteza pasi, "Poleni wageni!" Zomeazomea tulikuja na dawa yake. Pole hatukuifanyia mazoezi. Nilipoanguka na goti likachubuka, aliyenigonga ndiye aliyeninyanyua, akanipangusa vumbi, na mpira ukiendelea kuchezwa tukabaki sisi wawili tunapeana pole.

Mapumziko kocha hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mmekuja harusini?"

Robo ya tatu tukaishinda kwa mabao 2, lakini deni lilishakuwa kubwa. 38 kwa 31. Sina malalamiko. Wanapasiana haraka kuliko sisi, na mlinzi wao wa goli anaruka kama panzi.

Jioni kantini niliagiza turungi. Mama akanitazama. "Turungi ndiyo nini, mwanangu?" Kabla sijaeleza, sauti nyuma yangu ikasema, "Anataka chai ya rangi, mama. Bibi yangu wa Taveta anaiita hivyo hivyo." Ni yule senta, bandeji na yote. Akaketi mbele yangu na bakuli la mtori, akanisukumia kijiko nionje. Mzito, ndizi zimevurugika kabisa ndani ya supu ya nyama. Nilionja mara tatu, halafu nikaona haya nikaagiza la kwangu.

Tukazungumza habari za bibi yake, ambaye anavuka mpaka kwenda sokoni kama mtu anayevuka barabara. Kumbe huyu binti Taveta anaijua kuliko mimi niliyeipita leo kwa basi. Lakini kuna jambo lilikuwa linaniwasha tangu mchana, nikaona nisilale nalo.

"Ile karibu yako uwanjani, ilikuwa ya kweli au ya mpira?"

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kunywa chai, dada. Inapoa."

Kesho saa nne asubuhi tunacheza na chuo kutoka Arusha. Salamu zangu zote nitazimaliza nje ya mstari.