Kisogo Changu, Kirumba

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesomea sanaa aliazima stoo tupu ya dagaa karibu na mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, akajenga ndani yake ujia wa plaiwudi, mwembamba kiasi kwamba mtu mnene angelazimika kupita ubavuubavu. Hakuficha kwamba wazo halikuwa lake: msanii wa Marekani, Bruce Nauman, alijenga ujia kama huo mwaka 1970, akaweka runinga mbili zilizopandana mwishoni na kamera juu ya mlango wa kuingilia.

Niliingia nikitarajia kujiona usoni. Runinga moja ilionyesha ujia mtupu, uliorekodiwa kabla hatujafika, kana kwamba mimi sipo. Nyingine ilimwonyesha mtu aliyenipa mgongo, mwenye upara mdogo utosini, na ilinichukua muda kutambua kwamba upara ule ulikuwa wangu. Kila niliposogea ili nimwone vizuri alizidi kuwa mdogo, kwa kuwa kadiri nilivyoikaribia runinga ndivyo nilivyoiacha kamera nyuma. Nilipogeuka ili kamera ininase uso, macho yangu yakawa yameshaiacha runinga. Harufu ya dagaa iliyogoma kutoka sakafuni, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa sehemu bora ya kazi ile ingawa hakuna aliyeipanga, ndiyo pekee iliyonihakikishia kwamba bado niko Kirumba.

Nilipotoka, mama mmoja muuza dagaa, ambaye nilikuwa nimesimama nyuma yake nje kwa muda mrefu kabla hajanipisha nitangulie, alitua ndoo yake akaingia. Alifika hadi kwenye runinga, akaitazama kimya, kisha akaanza kurudi kinyumenyume bila kuiondolea macho, hivi kwamba mgongo wake ulizidi kukua hadi ukajaa kioo kizima. Hapo alisimama, akapeleka mkono nyuma na kupapasa kanga yake, iliyochanika kutoka kiunoni karibu hadi pindoni.

“Jamani! Nimezunguka hivi mwaloni tangu alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyeniambia?”

Kijana alicheka, akidhani kazi yake imeeleweka. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, maana mpasuko ule nilikuwa nimeuona tangu tukiwa nje.