Doti moja ya khanga, magauni mawili: mimi na binti yangu tumejishonea nguo za joto

Joto la Dar la kuanzia Desemba mpaka Machi halina adabu, mnaoishi huku mnanielewa. Simu inakwambia nyuzi 32 lakini ule unyevu wa bahari unafanya mwili uone zaidi ya hapo, usiku feni inazunguka inakurudishia upepo wa moto uleule, na ndo msimu huohuo maduka yanajaa magauni ya watoto ya sikukuu, yale ya neti na satini na maua yamegandishwa kwa gundi. Yanapendeza, sibishi. Ila mtoto akishavaa, hata keki haijakatwa, anaanza kujikuna shingoni, "mama inawasha", ukimvua unakuta harara zimemjaa mgongo mzima, na hela yako imeshaenda.

Sa mimi nyumbani nina cherehani ya miguu, Singer nyeusi ya zamani ile yenye maua ya dhahabu yaliyofutika, umeme ukikatika yenyewe haina habari. Kwa hiyo mwaka huu nikasema hatununui, tunashona. Na fundi simpelekei, si kwamba mafundi wa mtaani hawajui kazi, wanajua sana, ila kwanza msimu wa sikukuu "njoo kesho" zinakuwa nyingi, pili mafundi wetu wengi wana ugonjwa wa bitana na zipu. Gauni la mtoto wa miaka minne unaliwekea bitana ya nini jamani kwenye joto hili? Unaongeza lailoni kati ya ngozi na pamba, pamba yote inakuwa haina maana.

Tuanzie hapo kwenye kitambaa, maana mshono hata uwe mzuri vipi kitambaa kikiwa kibaya umeumia. Wauzaji wa Kariakoo nawapenda ila ukiwauliza hiki kitambaa gani jibu ni moja tu, "pamba tupu hiyo dada yangu", hata kama unakiona kinang'aa mpaka unajiona sura. Mi huwa naomba kipande kidogo cha ukingoni, au navuta nyuzi mbili tatu, nachomea pembeni na kiberiti. Pamba inashika moto inaungua kama karatasi, harufu ni ya karatasi, na majivu yake ni laini, ukiyasugua kwenye vidole yanapotea. Poliesta inajikunja inakimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa unabaki na kitone kigumu cheusi ambacho hakivunjiki. Ukipata majivu na vitone kwa pamoja ujue ni mchanganyiko. Raioni nayo inaungua kama pamba kwa hiyo hapo kiberiti hakikusaidii, ila raioni kwenye joto haina shida, inapitisha hewa, shida yake ni kuteleza wakati wa kukata. Fanyeni hivyo nje jamani, sio katikati ya vitambaa vya watu.

Vitenge navyo siku hizi ni vya kuchunguza, vingi vinavyouzwa bei ya chini ni poliesta iliyochapwa maua ya kitenge, na hata kile cha pamba halisi ni kizito kidogo, mi nakiachia sketi na mabegi. Kwa joto nakwambia hakuna kinachoifikia khanga, leso kwa ndugu zetu wa Mombasa, mradi uipate ya pamba. Ni nyepesi, inanyonya jasho, ikilowa inakauka haraka, na kila ukifua inazidi kulainika. Bibi yangu alikuwa hataki nyingine zaidi ya zile za Mombasa zilizoandikwa Mali ya Abdulla, ukimletea nyingine anaishika anaisugua kati ya vidole, anakurudishia bila neno.

Na uzuri mwingine, khanga zinauzwa doti, vipande viwili vimeungana. Kimoja changu, kimoja cha binti. Hesabu imeisha.

Sasa kasheshe ni jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya khanga. Ukinunua khanga ya kujifunga unachagua jina linalokufaa wewe na visa vyako, lakini hii anakwenda kuvaa mtoto. Nilikuwa Mtaa wa Uhuru pale, nikaona moja ya njano na nyeusi, rangi imetulia, mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, una korosho kubwakubwa, nikaikunjua nisome chini: HASIDI HANA SABABU. Nikamwambia muuzaji kaka yangu, mtoto wa chekechea hasidi wake nani? Akacheka, akasema dada watu hawasomi hayo. Hawasomi! Labda huko kwao, mtaani kwetu watu wanasoma jina la khanga kabla hawajasoma salamu, na ukishamvalisha mtoto lile neno kila jirani ataanza kujiuliza kaambiwa yeye au mwenzie. Akanitolea nyingine, USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, hapana. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, kwa mtoto, hapana kabisa. Tukafukua mpaka tukaipata WEMA HAUOZI, ya rangi ya chungwa na bluu, nikalipa nikaondoka.

Kabla ya mkasi ni maji. Khanga mpya ina wanga ndo maana ni ngumu inachakarika, ukiikata hivyo unapima kitu ambacho sio chenyewe, ukija kuifua inarudi ndani na gauni limekuwa blauzi. Loweka peke yake, maana nyekundu na bluu hizi zinatoa rangi si mchezo, fua, anika kivulini, piga pasi. Kuna wanaoweka chumvi kwenye maji ya kwanza ili rangi ishike, mama yangu mmoja wapo, mi sikuweka na sijaona tofauti, ila sitabishana na mama.

Halafu ikague. Khanga moja ina kama sentimeta 150 kwa 110, ukingo wa juu na wa chini umetoka kiwandani hivyohivyo haufumuki, inayofumuka ni ile ya pembeni ambako doti inatenganishwa. Kwa hiyo ukipanga vizuri gauni lako halihitaji kukunjwa chini kabisa, pindo lenyewe, ule urembo unaozunguka kingo za khanga, linamalizia.

Changu nilifanya hivi. Watu wengi wanakunja khanga katikati wanashona upande mmoja, sawa inafaa, lakini jina linaangukia ubavuni na pindo za pembeni zinaishia kwapani ambako hakuna anayeziona. Mi nilizileta zile kingo mbili za pembeni zikutane mbele, mshono ukapita katikati ya kifua mpaka chini, na hapo pindo mbili zinaungana zinakuwa mstari mpana mmoja wa urembo toka shingoni mpaka miguuni, utadhani nimelipia nakshi. Jina linakaa nyuma, chini, palepale linapokaa ukijifunga khanga kawaida. Juu nilishona mabega, nikaacha sentimeta 25 za kichwa, na mshono wa mbele nikauanza chini kidogo ili shingo ifunguke, sentimeta 15 hivi, wenye kunyonyesha ongezeni. Mikono hakuna. Ubavuni kila upande nilikata mpasuo wa sentimeta 24 kutoka juu, na kwa sababu upana wa kitambaa ni mkubwa kuliko mabega yangu bega linashuka lenyewe linafunika mkono kidogo, hewa inaingia huku inatokea kule. Urefu unafika chini ya goti. Ukitaka kiuno, kamba. Mi sitaki kiuno Januari.

Cha mtoto ndo kilihitaji akili. Futikamba inasoma kifua 56, na hapohapo hasimami, anataka kushika mkasi, anataka kujua kwa nini chaki ni sabuni (ni kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki, kinachora vizuri na kinatoka kwa maji, chaki ya fundi ya nini). "Geuka mama," namwambia, anageuka mzunguko mzima anarudi palepale. Kwa chini nilikata kuanzia pindo la chini kwenda juu sentimeta 46, upana 110, nikihakikisha jina linabaki katikati. Hiyo 110 ukiivuta marinda ikae kwenye kifua cha 56 ni karibu mara mbili, inatosha kabisa kuzunguka na kupepea, ukizidisha hapo marinda yanakuwa mazito na yanamfukuta tumboni. Kifuani nilitumia kitambaa cha mji, kipande cha mbele kimenyooka, cha nyuma nimepitisha lastiki ili avae na kuvua mwenyewe kwa kupitisha kichwani, hakuna zipu ya kubana ngozi. Mikanda ya mabegani imetoka kwenye pindo za pembeni zilizobaki. Ina vifungo viwili viwili kila mkanda, leo tunatumia cha juu, akirefuka tunashuka.

Maana watoto wa umri huu wanaongezeka sentimeta sita saba kwa mwaka, na mi sishoni nguo ya miezi mitatu. Chini huwezi kukunja akiba kwa sababu pindo litapotea ndani, basi akiba niliiweka juu ya jina, vikunjo viwili vilivyoshonwa kwa mshono mrefu, kila kimoja kimekula sentimeta mbili. Kwa macho ni urembo. Mwakani nafumua, gauni linashuka sentimeta nne, na ule mstari wa alama unaobaki ukifua na kupiga pasi kwa maji unapungua.

Ndani sasa. Ngozi ya mtoto mwenye harara haitaki nyuzi zinazoning'inia, na ovaloki, ile mashine ya kuzungushia uzi kwenye kingo zisifumuke, sina, unaweza kupeleka kwa fundi mwenye nayo akakupitishia kwa hela kidogo, ila ule uzi wa ovaloki wenyewe nao kuna watoto unawakwaruza. Kwa hiyo nilishona mara mbili: kwanza unaweka vitambaa mgongo kwa mgongo, yaani upande mzuri uko nje, unashona nusu sentimeta, unapunguza vinyuzi, unageuza ndani nje, unashona tena sentimeta moja. Kingo zote zinafungiwa ndani ya mshono, ukigusa ni laini kote. Inakula sentimeta moja na nusu kila upande kwa hiyo ihesabu mapema. Kwenye shingo na mipasuo ya mikono nilitumia vipande vyembamba vya khanga hiyohiyo, upana sentimeta nne, vimekatwa kimshazari, maana vikikatwa hivyo vinavutika na kufuata mduara bila kujikunja. Kwenye mshazari usivute kitambaa wakati unashona, cherehani ikipeleke yenyewe, ukivuta shingo inatoka na mawimbi.

Sindano iwe nyembamba, namba 11 au 12, ile 16 ya jinzi inaacha matobo kwenye khanga na yanaonekana hasa kwenye rangi iliyokolea.

Mabaki yalitoa kaptula ya kulalia, ya lastiki, vipande viwili tu vya mji, na mfuko mmoja ambao yeye ndo kaudai, kwa ajili ya mawe. Anakusanya mawe siku hizi, usiniulize.

Tulivaa tukaenda kanisani, na wale mnaosema khanga ni ya jikoni na msibani, haya, nimeulizwa na kina mama wawili watatu nimenunua wapi. Mama mkwe wangu yeye hakuuliza, alinizungusha, akasoma jina nyuma, akaguna, akasema "umeshona vizuri mwanangu, ila ungeifunga tu ingekufaa na kumbebea mtoto." Ana pointi. Khanga iliyokatwa haibebi mtoto, haifuniki mtu usiku, haitandikwi, kwa hiyo usikate ile ya zawadi au ya marehemu bibi halafu uje kunilaumu, nunua ya kukata.

Jirani naye ameshaleta doti yake anataka nimshonee na binti yake. Nimemwambia dada mimi sio fundi, ila Jumamosi mchana cherehani iko wazi, aje na uzi wake tushone wote, na khanga aje ameshaifua. Jina lake sijalisoma, kalikunjia ndani, hapo ndo nina wasiwasi.