Kabla sijalipia hostingi ya tovuti ya dada

Dada yangu anashona magauni ya vitenge, wateja wake wengi wako WhatsApp, sasa mwezi uliopita akaniambia mdogo wangu nataka tovuti yangu, picha zikae sehemu moja na bei zionekane, nimechoka kumtumia kila mtu picha zile zile. Nikamwambia sawa dada, hostingi, yaani kukodi seva, ile kompyuta ya kuhifadhia tovuti, niachie mimi. Imenichukua karibu wiki mbili na sijutii hata siku moja, maana mara ya kwanza nilikurupuka na nililia kweli.

Tovuti yangu ya zamani nilimwachia jamaa mmoja kila kitu, domeini (jina la tovuti), hostingi, vyote kwake, mimi kazi yangu kumtumia hela kwa simu kila mwaka. Mwaka wa tatu namba yake haipatikani, tovuti imezima. Kwenda kucheki whois, ile orodha ya wenye majina ya tovuti, mwenye jina ni yeye, imeili yake, mimi sipo kabisa! Hata kuhamisha siwezi kwa sababu namba ya siri ya kuhamishia inatumwa kwenye imeili yake. Makala zangu zote zikaenda hivyo, bekapu, yaani nakala ya akiba, sina, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo safari hii jina la .co.tz liko kwa jina la dada, imeili yake, simu yake, na nimelilipia kampuni nyingine tofauti na ya hostingi. Hostingi ikizingua tunabadilisha nameserver, zile seva zinazoonyesha jina liende hostingi ipi, tunahama na jina letu.

Bei nazo jamani soma mpaka chini. Ile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu, ya mwaka wa pili inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Na wakikwambia anlimitedi, yaani bila kikomo, uliza idadi ya mafaili unayoruhusiwa, maana WordPress, programu ya kujengea tovuti, ukiipa picha moja kubwa inaikata saizi tofauti tofauti, gauni moja linakuwa mafaili sita saba, dada ana magauni mia mbili, piga hesabu. SSL, kile cheti cha usalama wa tovuti, usikubali kuuziwa kwa tovuti ndogo kama hii, Let's Encrypt wanatoa bure, cheti kinadumu siku 90 na seva nzuri inakihuisha yenyewe.

Zikabaki kampuni mbili, moja seva zake ziko Ulaya, nyingine ziko hapa hapa Dar. Nikakumbuka tarehe 12 Mei 2024, ile Jumapili nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Wateja wa dada wako Mbagala, Tabata, Morogoro, kwa nini picha ya kitenge ivuke bahari ndo irudi kwao? Nikachukua simu ya dada, bando lake la kawaida, saa mbili usiku, nikafungua tovuti iliyoko kwenye kila seva. Ya Ulaya picha ilikuwa inashuka kidogo kidogo kama pazia. Ila niseme ukweli, picha zenyewe ndo zinachangia sana, za dada zilikuwa megabaiti nne nne nikazishusha hadi kilobaiti mia mbili.

Swali la mwisho niliwaandikia wote Jumamosi usiku: bekapu mnachukua lini na mnaiweka wapi? Hilo la wapi ni zito, kampuni ya hostingi ya OVHcloud walipounguliwa na jengo kule Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, kuna watu tovuti na bekapu vilikuwa sehemu moja, vikateketea pamoja. Wa Dar wakajibu usiku ule ule, kila siku, na inakaa jengo lingine. Wale wengine wakajibu Jumatatu, tena wakanitumia listi ya bei.

Nimelipia Dar, mwaka mmoja. Jana nimeshusha bekapu yetu wenyewe, megabaiti 310, nikaiweka kwenye flashi, dada akaichukua akaitia kwenye kopo lake la vifungo pale pembeni ya cherehani.