Fomu chini ya mizani

Leo mchana nimepita Soko la Majengo hapa Dodoma kununua mlenda mkavu. Jua kali, vumbi ndiyo usiseme.

Mama ninayenunua kwake akanionyesha fomu ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, mwaka uliofuata ikarudi.

Ameikunja mara nne, ameifunga kwenye nailoni, kaiweka chini ya mizani. Kwenye mikunjo wino umeshafutika.

"Nikiikunjua sana itachanika, mwanangu."

Akairudisha palepale.

Mzee mmoja wa kahawa akadakia: enzi za Azimio la Arusha, 1967, kiongozi hakuruhusiwa hata nyumba ya kupangisha! Tukacheka. Halafu nikawaza ghorofa zinavyoota mjini tangu serikali ihamie, nikanyamaza. (Sisemi ni za nani.)

Mkopo si mbaya. Ila maskini anaambiwa akope, tajiri haulizwi kitu. Mimi naona viongozi wetu bado hawajafanya vya kutosha.

Na mlenda wenyewe nimeusahau pale mezani, jamani 😅

Nyie mnaonaje? Huko kwenu kuna kikundi kimeshapata?