Asubuhi ile Datsyuk alipopata dhahabu

Tarehe 25 Februari 2018 ilikuwa Jumapili, mi nasoma Yekaterinburg, Urusi, nje baridi ya kufa mtu. Fainali ya hoki ya Olimpiki, Warusi na Wajerumani, inachezwa Korea Kusini mchana, kwetu huku ni saa tatu asubuhi, na hosteli nzima ilishaamka, hata wale ambao Jumapili huwaoni mpaka saa saba. Tulijazana chumbani kwa jirani yangu, kijana wa Nizhny Tagil, wengine kitandani wengine chini, laptopu iko juu ya friji.

Mi nimekulia Dar, na hoki ya barafuni pale utaionea wapi. Huyu jamaa ndo alonifundisha, na alianza na mtu mmoja tu, Pavel Datsyuk, manake kazaliwa hapo hapo mjini mwaka 1978, enzi panaitwa Sverdlovsk. Alikuwa na klipu yake kwenye simu, anaisimamisha kila sekunde ili nione: beki anakuja na shaiba, kile kisahani cheusi cha raba, Datsyuk anatokea nyuma yake, hamsukumi wala hamgongi, anainua fimbo ya yule beki kidogo tu kwa fimbo yake, shaiba imeshaondoka na beki bado anateleza mbele anajua anayo. Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia tena.

Na huyo mtu timu za NHL, ligi kubwa ya hoki ya Amerika Kaskazini, zilimpita tu zilipokuwa zinachagua vijana wapya kwa zamu. Detroit Red Wings walimchukua 1998 akiwa chaguo la 171, yaani wenzake 170 wameshaitwa, na akaja kubeba nao kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, 2002 na 2008. Tuzo ya Selke, ya fowadi anayekaba vizuri kuliko wote, kachukua mara tatu mfululizo, 2008 mpaka 2010, na ile ya Lady Byng ya mchezaji muungwana mara nne, 2006 mpaka 2009. Hebu fikiria, mtu kazi yake kupora na bado anapewa tuzo ya uungwana!

Kilichokuwa kinamuuma jamaa yangu ni dhahabu ya Olimpiki. 2002 Datsyuk alipata shaba, afu 2014 Sochi, nyumbani kabisa, ye ndo kapteni, Finland wakawatoa robo fainali. Sasa ana miaka 39, Olimpiki ya tano, kapteni tena. NHL ilikataa kuwaachia wachezaji wake mwaka huo, lakini ye alishaondoka Detroit 2016 akarudi kuchezea SKA ya St. Petersburg, kwa hiyo akawepo.

Wajerumani hawakuwa wa kuchezea bana. Zimebaki dakika kama tatu wakafunga, 3-2, halafu Mrusi mmoja akatolewa dakika mbili kwa rafu, yaani mko nyuma na mna mtu pungufu. Hakuna aliyeongea. Kocha akamtoa kipa ili aongeze mtu mbele, goli tupu kabisa, na imebaki chini ya dakika moja Gusev akasawazisha, sijui nilimkumbatia nani. Dakika za nyongeza Mjerumani naye akatolewa, Kaprizov akapiga moja ya nguvu, 4-3.

Kwa sababu ya adhabu ya doping, yaani dawa za kuongeza nguvu, Warusi walikuwa wanacheza bila bendera yao, ukapigwa wimbo wa Olimpiki, na wachezaji wakaimba wimbo wa taifa lao juu yake kwa sauti zao. Chumbani wote tulisimama, na mi nikasimama.

Datsyuk hakufunga goli hata moja siku ile. Mi macho yangu yalikuwa kwake muda mwingi hata shaiba ikiwa kwingine, namba 13 anarudi nyuma mapema, anaziba njia ya pasi, anamlazimisha mtu aende pembeni asikotaka. Na dhahabu ile akaifikisha pamoja na Stanley na ubingwa wa dunia wa 2012, vitu vitatu ambavyo wachezaji wachache mno wamevipata vyote.

Baadaye alirudi nyumbani Yekaterinburg kuchezea Avtomobilist, kuanzia 2019 mpaka 2021, na 2024 wakamwingiza kwenye Jumba la Mashuhuri wa hoki kule Toronto. Mitandaoni watu walimwaga magoli yake siku nzima, na ni magoli mazuri kweli. Ila mtu akiniuliza aanze na nini kumjua Datsyuk, namwambia atafute hiyo mechi ya Wajerumani aliyomaliza bila goli.