Msinitake Niseme Sijambo

Ninaishi Wete, Pemba, nami nilizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao mitaani kwetu tunauita sikoseli. Jambo ninaloliandika ni zito kwangu, kwa sababu hufanywa na watu wanaonipenda kwa dhati: kunitaka nionekane mchangamfu wakati viungo vyangu vinauma. "Wewe shujaa, usilie." "Usiutaje ugonjwa, utauita." "Mbona una afadhali, mtazame fulani." Wengi wanaoyasema haya kando ya kitanda changu huwa hawajaniuliza ninaumwa wapi.

Katika ugonjwa huu, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na sehemu ya mwili inayokosa oksijeni ikaanza kuuma. Baridi, maradhi mengine na upungufu wa maji mwilini huweza kuyachochea maumivu hayo, na ndiyo maana kipupwe kikiingia, upepo wa kusi unapovuma, nyumbani kwetu huwa tunakaa kwa tahadhari.

Homa ina kipimajoto, na wingi wa damu hupimwa maabara, lakini hakuna chombo kinachomwonesha daktari ukali wa maumivu. Hutegemea kauli ya mgonjwa. Mtoto aliyelelewa kwa kusifiwa kila anaponyamaza atamjibu daktari vilevile alivyozoea kuwajibu wageni, yaani kwamba hajambo, na huenda akarudishwa nyumbani siku ambayo alistahili kulazwa. Hili ndilo linalonitia uchungu kuliko maneno yenyewe.

Nakumbuka usiku mmoja wa msimu wa karafuu, tumekaa mkekani tunachambua, kila mtu na rundo lake mbele yake. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba hata sikuweza kuitenga karafuu na kikonyo chake. Niliposema kwamba mikono inaniuma, shangazi yangu akanambia, "Mwanangu, usijitie unyonge, chambua huku unacheka, yatapita." Mama hakusema kitu, aliinuka akachemsha maji, akarovya kitambaa, akanifunga vidole kimoja kimoja, kisha akalivuta rundo langu upande wake.

Wapo pia wanaosema kwamba kulalamika ni kukosa subira. Nabii Ayubu, ambaye subira yake tunaipigia mfano, alimlilia Mola wake akasema kwamba amepatwa na dhara, na Nabii Yaakubu alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Sioni vipi mimi nikatazwe kusema goti linaniuma. Namshukuru Mungu kila siku, tena kwa moyo safi, na ninameza dawa zangu za foliki asidi na haidroksiyurea kama nilivyoelekezwa. Shukrani hiyo haijapata kunizuia kusema kweli kuhusu mwili wangu.

Basi anayekuja kunitazama na aniulize panauma wapi na tangu lini, anipe maji ya kunywa, anifunike vizuri, na akitaka akae kimya. Nikimwambia kwamba maumivu yamehamia kifuani na pumzi inakuwa nzito, asinibembeleze wala asinisifu kwa ushujaa, bali atafute gari tuende hospitali saa hiyo hiyo.