Barua ya Usharika: Kutoka Machame hadi Leipzig

Niliondoka Machame mwishoni mwa Septemba nikiwa na sanduku moja, kitabu cha nyimbo, na barua ya utambulisho yenye mhuri wa usharika wetu, ambayo mama aliikazia kuliko hata pasipoti. "Mwanangu, chuo umeshapata na chumba utapata," aliniambia tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA, "lakini zisipite Jumapili mbili huna mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi." Nilipitia Addis Ababa hadi Frankfurt, kisha nikapanda treni ya kuelekea mashariki, na kwa muda wa saa tatu hivi nilitazama mashamba yaliyokwisha kuvunwa huku maneno yale yakinirudia.

Sikuwa nakwenda mahali nisipopasikia. Leipzig ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893, na kwetu jina la mji huo hutajwa hata katika mafundisho ya kipaimara. Kwa sababu hiyo nilitazamia mji uliojaa waumini. Hali niliyoikuta ni nyingine: baada ya miaka arobaini ya utawala wa kikomunisti, wakazi wengi wa mashariki mwa Ujerumani hawana dini yoyote, na makanisa mengi ni makubwa kuliko watu wanaosali humo. Nilipokwenda kujiandikisha katika ofisi ya mji, karani aliniuliza dini yangu kwa ajili ya kodi, kwa maana katika jimbo la Saxony mshirika wa kanisa mwenye kipato hukatwa kodi ya kanisa ambayo ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Mimi niliyekulia mahali ambapo ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, huku watu wakishindana kwa vicheko, nilihitaji siku nyingi kulizoea jambo hilo.

Jumapili ya kwanza nilisali katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na ambako mabaki yake yamezikwa karibu na madhabahu. Uimbaji wa siku ile ulinitoa machozi. Hata hivyo, ibada ilipokwisha watu walitawanyika kimya, watalii wakaanza kuingia, nami nikatoka na barua yangu mfukoni bila kusalimiwa na mtu. Simlaumu yeyote, kwani katika kanisa la namna ile wengi wa waliokaa kando yako ni wapita njia kama wewe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye usharika mdogo uliokuwa karibu na chumba changu, ambako watu wasiozidi hamsini, wengi wao wazee, walikuwa wameketi wamevaa makoti. Kijerumani changu kilikuwa cha kuokoteza, ila mpangilio wa ibada niliujua kwa moyo. Tulipofika kwenye Sala ya Bwana niliisema kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, tukafika kwenye Amina pamoja. Baada ya ibada palikuwa na kahawa na keki, nikatoa barua. Ilizunguka meza nzima bila kupata msomaji, mpaka ilipomfikia mzee mmoja ambaye zamani alifanya kazi ya uuguzi mkoani Kilimanjaro. Akavaa miwani, akaisoma yote kwa Kiswahili, polepole, kisha akawafasiria wenzake.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa mgeni. Waliniwekea kipande kikubwa cha keki, wakaniuliza habari za mlima, na waliponiona nikikusanya vikombe walinisihi niketi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kweli niliona uchungu kunyimwa jembe kwa muda mrefu namna ile. Nililipata Jumapili ya kwanza ya Majilio: mama aliyesimamia kahawa alikuwa ameteguka mkono kwa kuteleza kwenye barafu, akanivua koti mwenyewe kwa mkono mzima, akanifunga aproni, akanikabidhi ufunguo wa jikoni. Tangu siku hiyo jina langu liliandikwa kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni, na mazungumzo yakabadilika. Jikoni nilisikia habari za watoto waliohamia mbali, za maradhi, na za jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989, pale watu wapatao 70,000 walipoandamana kwa amani mjini humo wakidai uhuru, na baadhi ya hao waliokuwa wakikausha vikombe nami walikuwamo.

Mwezi Februari homa ilinilaza nikakosa ibada. Saa nane mchana kengele ya mlango ililia, nikamkuta yule mzee muuguzi na mke wake wamebeba sufuria ya supu iliyofungwa kwa taulo. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Ulikuwa wapi?" Sikuweza kumjibu upesi.

Mwezi Mei kwaya ilisafiri kwa treni hadi Eilenburg, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Leipzig. Huko ndiko alikohudumu mchungaji Martin Rinckart wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, aliyezika watu zaidi ya 4,000 katika tauni ya mwaka 1637, mke wake akiwa miongoni mwao, na ndiye aliyeuandika wimbo wa shukrani ambao nimeujua kwa Kiswahili tangu utotoni. Tuliuimba katika kanisa la mji huo, nami nikaombwa kuimba ubeti mmoja kwa lugha yangu. Kutoka safu ya besi yule mzee alinifuata, akikumbuka mistari miwili na kuvumisha iliyobaki.

Jioni, kabla treni haijaondoka, mama wa kahawa alipita katikati ya viti akituhesabu kwa kidole. Alipofika kwangu hakusita; alisema kumi na saba, akaendelea na aliyeketi nyuma yangu.